Mkono na Mashine: Nani Aliunguza Madigadi?

Pale kijiweni kwetu, ukitaka kugombanisha watu huna haja ya kutaja siasa wala mpira. Uliza tu: gari lipigwe waksi kwa mkono au kwa mashine? Utaona watu wazima wanavuana mashati. Mmoja atasema mashine ndiyo maendeleo, mkono ni ushamba. Mwingine atasema mashine inaua rangi, na atakushika mkono akakuonyeshe kovu kwenye mlango wa mkoko wa fulani. Na wote wawili, ndugu msomaji, wana ushahidi.

Mimi nilikuwa upande wa mashine, mpaka siku niliyounguza madigadi ya mtu.

Nilikuwa nimemaliza shule, kazi sina, nikapata kibarua sehemu moja ya kuoshea magari hapa hapa Dar es Salaam. Siitaji kwa jina, maana sikushika kalamu ili kumchoma mtu. Siku hiyo likaingia gari dogo jeusi, mtumba wa Japani, safi kama kioo. Mwenyewe alitaka lipigwe silanti, yaani ile dawa inayofunika rangi ili isiliwe na jua na chumvi ya bahari. Bosi akanikabidhi mashine ya umeme, ile nzito inayozunguka kama feni, akasema: "Kandamiza, dogo. Usiogope."

Nikakandamiza. Boneti ikaenda vizuri. Nilipofika kwenye ukingo wa madigadi, pale bati linapokunja, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Kuinua mashine, pale palipokuwa na weusi pana doa la kijivu, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Klia imekwenda, rangi imekwenda, andakoti inanichekea.

Mshiko wangu wa miezi miwili uliishia kwenye madigadi ile. Lakini kilichoniuma zaidi ni kauli ya bosi mbele ya washikaji: "Mimi miaka thelathini napiga mashine, sijaunguza gari la mtu. Wewe una mkono mbaya."

Maneno hayo nililala nayo. Bosi si mwongo, na kweli hakuna aliyewahi kumwona akiunguza gari. Mimi nami nilifanya alivyoniagiza, neno kwa neno. Sasa kosa lilikuwa la nani? Nikaanza kusoma, nikaanza kuuliza mafundi wa rangi. Nilichotafuta ni aibu yangu, nilichokipata ni historia.

Tuanze mbali kidogo. Magari ya kwanza kabisa, kule Ulaya na Marekani, yalirithi rangi ya magari ya farasi. Fundi alipaka rangi ya mafuta na vanishi kwa brashi, tabaka juu ya tabaka. Kila tabaka lisubiriwe likauke, lisuguliwe kwa unga wa jiwe la volkano na maji, ndipo lije jingine. Gari moja lilikaa wiki kadhaa kwenye chumba cha rangi. Hebu fikiria adha hiyo kwa mwenye kiwanda. Henry Ford alianza kutoa Model T mwaka 1908, na mpaka anaifunga mwaka 1927 alikwisha kutengeneza zaidi ya milioni 15. Kuanzia 1914 hadi 1925 aliyatoa kwa rangi moja tu, nyeusi. Mwenye haraka hachagui nguo.

Vanishi ile ilikuwa na ugonjwa wake. Ikipigwa jua inageuka njano, inafubaa, mwisho inapasuka kama kisigino cha mkulima. Hapo ndipo biashara ya mng'aro ilipopata mlango. Mwaka 1910, mjini Chicago, ilianza kampuni ya Simoniz. Dawa yake ilikuwa ya kusafisha rangi kwanza, halafu kuipaka nta ngumu ya kwenye kopo. Jina hilo lilivuma mpaka likawa kitenzi katika kamusi za Kiingereza, kwa maana ya kung'arisha. Lakini usidhani ilikuwa kazi laini. Nta ile ilikuwa ngumu, ikishakauka haitoki kwa kubembelezwa. Nyenzo zilikuwa kitambaa, bega na jasho. Kwa hiyo wale washikaji wa kijiweni wanaosema mkono ulitangulia, hapo wamepata.

Nta yenyewe ilitoka wapi? Mojawapo iliyosifika ni ya carnauba, mti wa jamii ya michikichi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazil, katika majimbo kama Ceará na Piauí. Jani lake hujivika nta ili jua lisiliibie maji. Watu hulikata, hulianika, halafu hulipiga mpaka unga wa nta udondoke. Sisi tuna nta ya nyuki, na wanaoijua Tabora wanajua sifa yake. Lakini nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 65 hivi, na ile ya carnauba huhimili mpaka nyuzi 82 hadi 86. Weka kiganja kwenye boneti nyeusi iliyoegeshwa juani saa nane mchana, utaelewa tofauti bila mwalimu. Nta hiyo ilithaminiwa kiasi kwamba mwaka 1935 Herbert F. Johnson, mwenye kampuni ya nta ya sakafu kule Racine, Wisconsin, alipanda ndege ndogo ya Sikorsky mpaka Brazil kwenda kuangalia kama miti inatosha. Jani linajikinga na jua la Ceará, halafu kinga hiyo hiyo inapakwa kwenye bati la tajiri wa Chicago.

Turudi kwenye rangi, maana humo ndimo jibu langu lilimojificha.

Mwaka 1923 shirika la General Motors lilionyesha magari ya Oakland ya rangi ya bluu, yaliyopakwa rangi mpya ya kampuni ya DuPont iitwayo Duco. Hii ilitokana na nitroselulosi, yaani pamba iliyopikwa na asidi. Ilipulizwa kwa bunduki ya hewa, na ikakauka kwa saa badala ya wiki. Wenye viwanda walishangilia. Msongamano wa magari yanayosubiri kukauka ukaisha, na rangi za kila aina zikarudi barabarani.

Lakini Duco ilipokauka haikung'aa yenyewe. Ilitoka imefifia, ikabidi isuguliwe ndipo iwake. Na baada ya miezi ya jua ilitoa unga juu, kama chokaa, ikabidi isuguliwe tena. Ndugu msomaji, hapa tusimame. Fundi wa vanishi alikuwa anasubiri, fundi wa Duco akawa anasugua. Kazi haikuisha, ilihama tu, ikatoka kwenye kalenda ikaja kwenye bega.

Na bega likichoka, mtu hutafuta mashine. Mota ndogo ya kushika mkononi ilikuwapo tayari. Kampuni ya Fein ya Stuttgart, Ujerumani, ilitoa kekee ya umeme ya kubebeka mwaka 1895. Mwaka 1917 Black na Decker wa Baltimore, Marekani, walipata hataza ya kekee yenye mshiko kama bastola na kitufe cha kuvuta kwa kidole. Ukishakuwa na mota ya namna hiyo, toa kekee, funga kisahani chenye manyoya ya kondoo, tayari unayo mashine ya kupigia polishi. Inazunguka mahali pamoja, kwa nguvu, na inakula.

Neno "inakula" nalitumia makusudi. Rangi za zamani zilikuwa rangi toka juu mpaka chini. Ukipiga polishi gari jekundu la namna hiyo, kitambaa chako kinatoka chekundu. Unachofanya ni kuondoa ngozi iliyokufa ili iliyo hai ionekane. Mng'aro wa siku zile, kwa hiyo, ulikuwa kazi ya kupunguza. Mashine kubwa ilikuwa rafiki, na anayekandamiza alikuwa fundi hodari. Gereji nyingi ziliongeza tabaka kila gari lilipopakwa upya, kwa hiyo palikuwa na cha kula.

Sasa upande wa pili, ule wa kuongeza. Katika miaka ya 1940, hapo hapo Chicago, bwana mmoja aitwaye Ben Hirsch alianza kupika polishi ya maji maji nyumbani kwake, kwenye beseni la kuogea. Aliiita Plastone. Inasimuliwa kwamba alikuwa akienda kwenye maegesho, anang'arisha madigadi moja ya gari la mtu asiyemjua, halafu anakaa pembeni kumngoja mwenyewe. Mwenye gari akirudi anakuta madigadi moja inawaka na nyingine imepauka. Ama anakasirika, ama ananunua. Dili hilo lilimlipa. Baadaye dawa yake ikabadilishwa jina ikawa Turtle Wax, na dunia nzima ikalijua. Kila nikiisoma hadithi hii nacheka peke yangu. Madigadi moja ilimpa Hirsch utajiri, madigadi moja ikanimalizia mimi mshahara.

Polishi ya maji maji ilipunguza jasho, na kemia ikazidi kusaidia. Mwaka 1943 ilianzishwa kampuni ya Dow Corning kule Michigan, kwa ajili ya kutengeneza silikoni. Vita vilipokwisha, silikoni ikaingia kwenye makopo ya polishi. Inateleza, inatawanyika kirahisi, inafukuza maji. Wenye magari wakafurahi, wapaka rangi wakalia, maana silikoni ikibaki kwenye bati halafu ukapuliza rangi mpya juu yake, rangi inakimbia na kuacha vijishimo kama macho ya samaki. Mpaka leo fundi wa rangi akisikia gari limepakwa silikoni anakunja uso.

Humo ndimo ilimozaliwa silanti. Nta hutoka kwenye jani au kwa nyuki, silanti hutoka maabara. Kwa kawaida ni polima, minyororo mirefu ya molekuli inayoshikana na uso wa rangi na kudumu kuliko nta. Kila kizazi kimeiuza kwa jina jipya. Waliwahi kuja na ya Teflon, kitu alichokigundua Roy Plunkett wa DuPont mwaka 1938. Kwenye kikaango Teflon hushikishwa kwa joto kali, maana huyeyuka kwenye nyuzi 327. Sasa gari gani utalitia kwenye tanuri la nyuzi 327 libaki gari? Miaka ya karibuni zimekuja za seramiki, ambazo hakika hushika na kudumu, lakini nazo husemwa kana kwamba mtu hataosha gari tena maishani. Jina zuri kwenye chupa halioshi gari. Kila mara tumeahidiwa mwisho wa kazi, na kila mara kazi imehama.

Hapo katikati, kimya kimya, rangi yenyewe ikabadilika. Katika miaka ya 1980 viwanda vingi vya magari viliacha rangi ya tabaka moja, vikaweka mbili: chini rangi yenyewe, nyembamba na isiyong'aa, juu yake klia, tabaka lisilo na rangi kama kioo. Mng'aro wote unaouona uko kwenye klia, na kinga ya jua nayo iko humo. Unene wake mara nyingi ni maikroni 40 hadi 50 tu, wakati unywele wa binadamu ni kama maikroni 70. Na kwenye kingo, pale bati linapokunja, ni nyembamba zaidi, kwa sababu rangi ikiwa bado mbichi huvutika na kukimbia ukali wa ukingo.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Mimi nilipoisoma niliweka kitabu chini. Mashine inayozunguka mahali pamoja, ukiilaza ukingoni, uzito wake wote na joto lake lote hukaa kwenye sehemu ndogo kama kidole. Kwenye ngozi nyembamba kuliko unywele. Halafu mtu anakwambia kandamiza.

Kwetu Tanzania mabadiliko haya yaliingia kwa mlango wa bandari. Biashara ilipolegezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, mitumba ya Japani ikamiminika, na klia zake. Bosi wangu alifundishwa kazi na mtu aliyezoea Peugeot 504 na Datsun zilizokwisha kupakwa mara mbili tatu kwenye gereji. Kwenye magari hayo "kandamiza" lilikuwa agizo sahihi. Magari yakabadilika chini ya mkono, agizo likabaki lile lile.

Lakini swali likabaki. Kama agizo lilipitwa na wakati, mbona bosi mwenyewe hajaunguza? Nilirudi nikamtazama akifanya kazi, safari hii nikitazama mkono, si mdomo. Akikaribia ukingo anainua mashine kidogo. Akifika kwenye mkunjo wa mlango anapunguza mwendo. Kona ya bampa haigusi kabisa, anaimalizia kwa kitambaa. Miaka thelathini ilikuwa imeufundisha mkono wake kukwepa hatari, naye hajui kama anajua. Mkono ulikuwa umehama na nyakati, mdomo ulibaki kwenye 504.

Basi, jibu la ugomvi wa kijiweni ni hili. Kung'arisha rangi iliyochakaa ni kupunguza, na hapo mashine ina kazi yake, mradi unajua unapunguza nini na kimebaki kiasi gani. Kupaka silanti ni kuongeza. Haihitaji nguvu hata kidogo. Osha gari, liweke kivulini, bati lipoe. Paka sehemu moja moja, nyembamba kabisa, kwa sponji laini. Ngoja ifanye ukungu, ifute kwa kitambaa kisafi, halafu usiimwagie maji kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Kinachokinga ni kile kilichoshika kwenye klia, na kingine chote unakifuta. Anayepaka nene anapoteza dawa na bega.

Ukipaka silanti kwa mkono, unapata hiyo kinga. Ukipaka kwa mashine ya polepole yenye sponji laini, unapata kinga ile ile, ila inatawanyika sawasawa na humalizi siku nzima. Siku hizi zipo mashine zinazozunguka huku zinatikisika, ambazo ukizikandamiza sana zinaacha kuzunguka. Hizo zimewaokoa wengi kama mimi. Lakini kwenye vishikio vya milango, vioo vya pembeni na kingo, mkono ndio unaofika.

Maana yake gari lile jeusi, lililoingia safi kama kioo, halikuhitaji mashine ya kula hata dakika moja. Lilihitaji sponji na subira. Tulipewa kazi ya kuongeza, tukafanya ya kupunguza.

Nilimweleza bosi haya yote, kwa adabu. Nilianza na shikamoo, sikuanza na maikroni. Nikamwambia: "Mzee, mkono wako unajua kitu ambacho hukuniambia." Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu akaenda kwenye gari lililokuwa pale, akapitisha kidole kwenye ukingo wa mlango, pole pole, kama mtu anayepima makali ya kisu. Hakusema neno. Pesa yangu hakurudisha, na wala sikuitaja.

Kesho yake asubuhi nilikuta gari la kwanza limekwisha kuoshwa. Kingo zote, za milango, za boneti, za madigadi, zimebandikwa tepu ya karatasi. Kijana mpya ameshika mashine. Bosi yuko pembeni na kikombe cha chai. Nikamsikia anamwambia: "Pole pole, mwanangu. Hapo kwenye mkunjo rangi ni nyembamba."

Nimeiandika habari hii kwa ajili yenu washikaji mnaohangaika na kalamu, mkidhani historia iko kwa wafalme na majemadari peke yao. Kila kijiwe kina mkono unaojua jambo ambalo mdomo haujalisema. Nenda kautazame mkono huo, halafu andika kabla kijana mwingine hajalipishwa miezi miwili.